Nchi Yenye Watu Wachache: Wasukuma Walivyochagua Pa Kuhamia Geita

SOMO LA HISTORIA KWA VIKUNDI VYA KISOMO CHA WATU WAZIMA

Somo hili limetangazwa redioni, na hapa limechapwa ili mlisome tena darasani. Someni pole pole. Neno jipya limeelezwa palepale lilipotajwa. Maswali ya kuzungumza yako mwisho.

Leo tutazungumza habari ya kuhama.

Watu wengi wa Shinyanga, Kwimba na Maswa wana jamaa zao Geita. Ukimwuliza mzee wa Geita asili yake, mara nyingi atakuambia kwamba baba yake au babu yake alitoka mashariki, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza. Watu hao hawakupotea njia. Walichagua. Na sisi leo tunataka kujua walichaguaje.

1. SWALI LA KUTANGULIA

Mtu akitaka kuhama huuliza mambo mengi. Udongo ukoje? Maji yako wapi? Njia ipo? Lakini akisikia habari ya nchi yenye ardhi tele na watu wachache, liko swali moja la kutangulia hayo yote. Swali lenyewe ni hili: Kwa nini watu ni wachache?

Nchi nzuri haikai bure. Kama mvua inanyesha na udongo unazaa, na bado watu hawapo, basi liko jambo. Huenda ni ugonjwa. Huenda ni wanyama wakali. Huenda wenyewe walikuwapo, wakaondolewa. Mwenye kuijua sababu aweza kuishinda au kuikwepa. Asiyeijua hukutana nayo akiisha kujenga nyumba na kuleta watoto.

Weka swali hili moyoni, nasi tuendelee.

2. NCHI MBILI

Itazame kwanza nchi ya Shinyanga. Ni nchi ya tambarare, yenye vilima vya mawe makubwa hapa na pale. Mvua yake si nyingi, kadiri ya milimita 700 au 800 kwa mwaka, na miaka mingine hupungua. Miti ni michache. Ng'ombe ni wengi.

Sasa itazame Geita. Iko magharibi ya ghuba ya Mwanza, upande wa kusini wa ziwa Victoria. Ni nchi ya milima midogo na vilima, na zamani ilifunikwa na miti kwa sehemu kubwa. Mvua yake ni nzuri kuliko ya Shinyanga. Sehemu nyingi hupata milimita 900 na zaidi.

Nchi hii ya Geita ilikuwa na wenyewe. Walikaa Wazinza, na upande wa kusini Wasumbwa. Walikuwapo pia Warongo, mafundi wa kufua chuma. Majembe yao yalivuka mpaka Usukuma, na Wasukuma waliyalimia kabla majembe ya Ulaya hayajaenea. Ilikuwa na watemi wake pia, katika Buchosa, Karumo, Msalala, Bukoli na kwingineko. Kwa hiyo mtu akisema Geita ilikuwa nchi tupu isiyo na mtu, hasemi kweli. Ilikuwa nchi yenye watu wachache, na sababu ilikuwapo.

3. PORI LILIVYOISHIKA NCHI

Mnamo 1891 ulifika katika nchi zetu ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka. Ugonjwa huu uliua ng'ombe wengi mno. Mfugaji aliyelala na zizi lililojaa aliamka na mizoga. Wanyama wa porini nao walikufa. Ikafuata njaa, na maradhi mengine yakawapata watu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Ng'ombe wakifa, nani atakula majani na machipukizi ya miti? Watu wakipungua, nani atalima na kukata kuni? Basi pori likaota. Mahali palipokuwa mashamba pakawa mahame. Hame ni mahali palipokaliwa na watu zamani, kisha wakapaacha.

Pori liliporudi, wanyama wa porini wakaongezeka tena, na mbung'o akaja pamoja nao. Mbung'o ni nzi anayenyonya damu. Hupenda kivuli cha miti na vichaka. Akimwuma mnyama mgonjwa kisha akamwuma ng'ombe, humtia ng'ombe ugonjwa wa nagana, naye hukonda na kufa. Mbung'o huyo huyo aweza kumtia mtu malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Mtu hupata homa, akili huvurugika, hulala mchana, na asipotibiwa hufa.

Mwaka 1922 malale yalionekana katika wilaya ya Maswa. Serikali ya Kiingereza, iliyokuwa ikitawala Tanganyika, iliingiwa na hofu. Katika miaka iliyofuata iliwatoa watu waliokaa mbalimbali porini, ikawakusanya mahali pamoja, wapafyeke na kupalima ili mbung'o akose kivuli. Jambo hili lilifanyika Maswa, kisha sehemu nyingi za magharibi, hata Kahama na Biharamulo. Kukusanywa kuliokoa watu wengi na malale. Lakini mahali walipotolewa palibaki bila mkulima, na pori likapashika zaidi.

Hili ndilo jibu la swali letu. Watu walikuwa wachache kwa sababu ya sotoka, njaa, mbung'o na amri ya serikali. Udongo haukuwa na kosa.

4. SHINYANGA WALIJIFUNZA KUFYEKA

Mbung'o hakuishia magharibi. Katika miaka ya 1920 alikuwa akisogea Shinyanga yenyewe. Pori lilikula malisho kila mwaka, na watu wakarudi nyuma na ng'ombe wao.

Hapo alikuwapo Mwingereza mmoja, Charles Swynnerton. Alikuwa mtaalamu wa wanyama na wadudu, akafanya kituo cha kuchunguza mbung'o hapo Shinyanga. Aina moja ya mbung'o ina jina lake mpaka leo. Lakini elimu ya mtu mmoja haifyeki pori. Waliofyeka ni wananchi wa Shinyanga, waliotoka kwa maelfu na mashoka na mapanga wakati wa kiangazi. Watemi wao waliwaongoza, na mmoja aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Mtemi Makwaia wa Usiha.

Walijifunza mambo mawili yenye faida.

La kwanza ni la moto. Ukichoma majani mapema, yakiwa bado mabichi, moto hupita juu juu na miti haifi. Ukiyazuia yasichomwe mpaka mwisho wa kiangazi, moto huwa mkali na kuua vichaka.

La pili ni la umoja. Mtu mmoja akifyeka uwanja mdogo porini, mbung'o huuvuka bila shida, na ng'ombe wake wanakufa. Watu mia wakifyeka pamoja, uwanja huwa mpana, mbung'o hukosa kivuli, na ng'ombe hupona.

Shika jambo hili la pili. Ndilo lililofungua Geita.

5. NCHI YA ZAMANI IKAJAA

Pori lilipokatwa, ng'ombe waliongezeka Usukuma. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita Shinyanga, na pamba ikapata njia ya kwenda sokoni. Watu wakalima mashamba makubwa zaidi, wengine kwa plau zinazokokotwa na maksai. Watoto wakazaliwa, nao wakataka mashamba yao.

Baada ya muda ardhi ikawa haba. Mtu aliyekuwa akiliacha shamba lipumzike miaka kadhaa sasa alililima kila mwaka. Malisho yakaliwa mpaka udongo ukabaki wazi, na mvua ikauchukua. Wataalamu wa serikali walipiga hesabu wakasema kwamba nchi kama ile yafaa kukaa watu 100 katika maili moja ya mraba, ndio watu 39 hivi katika kilomita moja ya mraba. Sehemu nyingi zilikuwa zimekwisha kuipita hesabu hiyo.

Mwaka 1947 serikali ilianza mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma. Makao yake yalikuwa Malya, katika Kwimba, na hapo watemi wa Usukuma walikutana kwa baraza. Mpango ulichimba malambo ya maji, ukafyeka mapori, ukatoa sheria za kilimo na mifugo. Sehemu yake moja ilikuwa kuwafungulia watu njia ya kuhamia Geita.

6. WALIVYOCHAGUA

Mfugaji wa Kisukuma hakufunga mizigo siku ile ile aliyosikia habari ya nchi mpya. Alikwenda kwanza mwenyewe, au alimtuma kijana wake. Mara nyingi alifikia kwa ndugu au jirani aliyetangulia. Huko aliangalia mambo manne.

Jambo la kwanza ni mbung'o. Je, ng'ombe wako hapa, na wana afya? Kama ng'ombe hawapo, pori liko umbali gani, na majirani wangapi wanalifyeka? Mwenye busara hakujenga peke yake katikati ya miti. Alijenga pembeni ya wenzake, mahali mashamba yao yalipokoma. Mwaka uliofuata mwingine alijenga mbele yake. Hivyo nchi iliyo wazi ilisogea mbele hatua kwa hatua, na pori likarudi nyuma. Wengi walilima kwanza, na ng'ombe wakabaki kwa jamaa mpaka nchi ionekane salama.

Jambo la pili ni maji. Vilimani chemchemi nyingine hukauka kiangazi. Anayeitazama nchi wakati wa masika huona maji kila mahali, na macho yake yaweza kumdanganya. Kwa hiyo ilifaa kuja kuitazama mwisho wa kiangazi, na kuuliza wanawake wa pale wanateka wapi mwezi wa Septemba na Oktoba. Wao ndio waliojua, maana mtungi ulikuwa kichwani kwao.

Jambo la tatu ni udongo. Hapa Wasukuma walikuwa na elimu yao tangu zamani. Waligawa udongo kwa majina, kuanzia kilele cha kilima mpaka bondeni. Juu penye mawe huitwa luguru. Chini yake ni luseni, udongo wa mchanga, mwepesi kulima, wafaa mihogo, viazi, karanga na uwele. Chini zaidi ni itogolo, udongo mgumu wa malisho, ambao watu hujengea matuta na kupanda mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito unaoshika maji. Tena uko udongo mwekundu uitwao kikungu, unaopendwa kwa pamba na kwa chakula.

Aliyechagua vizuri hakuchagua udongo mmoja. Alitafuta mahali ambapo shamba lake lingeshuka kutoka luseni mpaka mbuga. Mvua ikiwa nyingi, mchanga wa juu humpa chakula. Mvua ikiwa chache, bonde humpa chakula. Aliyechukua bonde peke yake aliweza kukosa yote katika mwaka wa mafuriko.

Jambo la nne ni wenyeji. Katika desturi, mgeni hakujikatia ardhi. Alikwenda kwa mwanangwa, yaani mkubwa wa kijiji chini ya mtemi, akajieleza anatoka wapi na ni mtu wa nani. Mwanangwa akikubali, humwonyesha mahali. Ardhi ilikuwa yake maadamu anaitumia. Akihama, ilirudi mikononi mwa mwanangwa. Mgeni aliyepita mlango huu alipata mashahidi. Siku jirani alipomdai mpaka, walikuwapo watu wa kusema, "Tulikuwapo alipoonyeshwa."

Hayo ndiyo mambo manne: mbung'o, maji, udongo, wenyeji. Yaandike ubaoni.

7. SERIKALI ILIPANGA, WATU WAKATANGULIA

Serikali ilitaka watu wahame kwa utaratibu wake, na wakifika washike sheria zake za kulima na kufuga. Lakini wananchi walihama kwa wingi kwa mapenzi yao, wakimfuata jamaa aliyetangulia, bila kungoja. Mashamba ya pamba yakaenea Geita katika miaka ya 1950. Vyama vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 viliunganika katika chama kikuu cha ushirika cha Jimbo la Ziwa, makao yake Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Sheria ziliwachosha watu. Mwaka 1958 serikali ilipotaka kuweka Geita baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko, wananchi walikataa, kwa kuwa hawakuulizwa. Watu wengi wa Geita walikwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao, na polisi wakawatawanya. Lakini baraza lile halikusimama. Watu waliojichagulia pa kukaa hawakukubali kuchaguliwa namna ya kutawaliwa.

8. WALIOFUATA DHAHABU

Si wote waliokwenda Geita kulima. Wadachi waliiona dhahabu katika milima ya Geita mnamo 1898, na katika miaka ya 1930 Waingereza walifungua mgodi mkubwa. Mgodi ulileta kazi, duka na soko. Mkulima aliyekaa karibu aliuza mihogo na mahindi kwa wachimbaji.

Hata mwaka 1966 mgodi ule ulifungwa. Sasa tazama tofauti. Aliyekuwa na shamba alipata hasara ya soko, lakini jembe lilibaki. Aliyekuwa na mshahara tu alibaki na nyumba mahali pasipo kazi. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wako sehemu nyingi, kama Nyarugusu na Rwamagasa. Dhahabu yaweza kuwa sababu nzuri ya kuhama. Lakini udongo hukupa mwaka hata mwaka, na dhahabu ikiisha kutolewa haioti tena.

9. WALIPOCHAGULIWA NA WENGINE

Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, ni amri. Watu waliokaa mbalimbali mashambani mwao walihamishwa, wakajenga kwa mistari, mara nyingi kandokando ya barabara. Nia ilikuwa kuleta shule, zahanati na maji karibu na watu, na watoto wengi walipata shule kwa njia hiyo. Lakini mahali pengi aliyechagua kiwanja aliitazama barabara, hakuutazama udongo wala kisima. Mkulima aliyekuwa na luseni yake na mbuga yake alijikuta mbali na mashamba yote mawili. Baada ya miaka, wengine walirudi mashambani kimya kimya.

Historia hii inatufundisha kwamba yale mambo manne hayafutwi kwa amri. Mtu asipoyaangalia mwanzoni, atayarudia baadaye kwa gharama.

10. NA LEO?

Leo Geita si nchi yenye watu wachache. Ilifanywa mkoa mwaka 2012. Katika sensa ya 2022 mkoa wa Geita ulihesabiwa watu karibu 2,980,000, na mkoa wa Shinyanga karibu 2,240,000. Kivuko cha Kigongo na Busisi, walipovukia wahamiaji wengi, sasa kina daraja la kilomita tatu, lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025.

Watoto wa wahamiaji nao walihama. Wasukuma na ng'ombe wao wamekwenda Rukwa, Mbeya, Morogoro na mbali zaidi. Pengine walipokewa vizuri. Pengine waliikuta nchi yenye watu wachache kwa sababu nyingine, kwamba imetengwa kwa ajili ya maji au wanyama, au ina wenyewe ambao hawakuulizwa. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa bonde la Usangu pamoja na mifugo yao, na hasara ilikuwa kubwa. Swali letu lilikuwapo hapo pia. Kwa nini watu ni wachache?

Na Shinyanga je? Kule walikofyeka sana, miti iliisha. Mwaka 1986 ulianza mpango uitwao Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mpango huu uliirudisha desturi ya ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika, yasiliwe, ili yatumike kiangazi. Majani yakarudi, miti ikaota yenyewe, kuni zikapatikana karibu. Hivyo wajukuu wa watu waliopigana na pori wakalirudisha pori kwa kipimo. Wengine waliona kwamba si lazima kuhama ili kupata nchi nzuri.

Ndugu mwanakisomo, kama wewe au mwanao anafikiri kuhama, msimzuie kwa hofu, wala msimsukume kwa tamaa. Kaeni naye mhesabu. Amekwenda kuiona nchi ile wakati wa kiangazi? Ameuliza kwa nini imebaki wazi? Amekwenda kwa serikali ya kijiji? Siku hizi mwanangwa wa zamani hayupo. Utemi uliondolewa mwaka 1963. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Anayenunua kwa mtu mmoja gizani amekosa mashahidi. Na wewe sasa unajua kusoma. Karatasi ya ardhi usiisikilize tu kwa mdomo wa mwingine. Isome mwenyewe, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Taja sababu zilizofanya Geita iwe na watu wachache zamani. Sababu ipi ilitoka kwa serikali?

2. Kwa nini mtu mmoja hakuweza kumshinda mbung'o peke yake?

3. Katika kijiji chenu, udongo huitwaje juu ya kilima, katikati, na bondeni? Kila mmoja hupandwa nini?

4. Wazazi wenu au babu zenu walitoka wapi? Nani aliwaonyesha mahali pa kujenga, na nani alikuwa shahidi?

5. Kazi ya kuandika: Andika sentensi tano kumweleza kijana anayetaka kuhamia nchi asiyoijua. Mwambie aulize nini, amwulize nani, na aende mwezi gani.